Umeme upo, njia ndo haitoshi: tunavyoisoma vibaya ziada ya megawati

Tangu mashine zote tisa za Bwawa la Mwalimu Nyerere zikamilike mwaka 2025 kuna maneno hayaishi, umeme ukikatika hapa Mbeya hata robo saa tu utakuta mtu kashaandika "si tuliambiwa umeme wa kumwaga?" na watu kibao wamemuunga mkono. Alafu kuna ile kauli ya Rais Samia ya Machi 2025 akiwa Mwanga, Kilimanjaro, kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwasababu tunapoteza kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka kuusafirisha wa kwetu mpaka kule, hiyo ndo iliwasha moto kabisa. Watu wakachukua mambo hayo mawili wakayajumlisha wakapata jibu moja, kwamba tumedanganywa, bwawa ni la picha. Mi nasema hilo jibu sio, na kibaya zaidi linatuumiza sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko wengine, maana linatufanya tupigie kelele kitu ambacho nchi imeshapata, yani mitambo ya kuzalisha, na tunaacha kudai kitu ambacho hatuna: laini kubwa za kusafirisha, vituo vya kupoza umeme, transfoma za mitaani na waya unaoweza kubeba mzigo. Tatizo la umeme wa nchi hii limehama, limetoka kwenye kuzalisha limeenda kwenye kusafirisha na kusambaza, na hata hiyo ziada yenyewe ukiikagua vizuri sio kubwa wala ya kudumu kama wanavyoitangaza wanaoisifia na wanavyoidhania wanaoilaumu.

Tuanze na tulikotoka kwasababu bila hapo huwezi kuelewa kwanini watu wana hasira. Nchi hii ilikuwa inategemea maji kwa muda mrefu, na maji yenyewe ni ya huku kwetu: Kidatu megawati 204 tangu miaka ya 1970, Mtera 80 na Kihansi 180. Mvua ikigoma nchi nzima inaingia mgao. Mwaka 2006 Mtera ilikauka mpaka serikali ikakimbilia mitambo ya dharura na huko ndo ikazaliwa kashfa ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa mitambo hiyo, iliyomuondoa Edward Lowassa kwenye uwaziri mkuu Februari 2008. Mwaka 2011 mgao tena, 2015 mabwawa yakashuka tena mpaka mitambo ikazimwa, kuelekea mwisho wa 2022 tena, na kuanzia Septemba 2023 upungufu ulifika kama megawati 400 tukarudi kwenye ratiba za kukatiwa. Gesi ya Songo Songo iliyoanza kutumika 2004 na bomba la Mtwara la 2015 ndo vilituokoa tusiangukie kwenye giza kabisa. Kwahiyo mtu aliyeishi hayo yote akisikia neno ziada anasubiri kuona taa yake haizimi, na isipokuwa hivo anaona katapeliwa. Namuelewa kabisa.

Sasa bwawa. Mashine ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024, na ndani ya wiki chache mgao ukaisha, tena mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi mpaka serikali ikatangaza imezima vituo vitano vya maji kwasababu umeme umezidi matumizi. Hapo ndo stori ya "umeme wa kumwaga" ilipata nguvu. Leo uwezo wa mitambo yote nchini umepita megawati 4,000 wakati matumizi ya juu kabisa mwaka 2025 yalikuwa kwenye 1,900 na ushee, ukitoa hii kwenye ile unapata ziada ya zaidi ya elfu mbili. Ndo hesabu inayorushwa kila mahali na ndo inayopotosha. Megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere ni kile mashine tisa za megawati 235 zinachoweza kutoa zikizunguka zote kwa pamoja kwa nguvu zote. Maji ya Rufiji hayaruhusu zizunguke hivo mwaka mzima, na wala hawakujenga kwa mategemeo hayo. Makadirio ya mradi wenyewe ni karibu gigawati-saa 6,000 kwa mwaka (gigawati-saa moja ni yuniti milioni moja), gawanya kwa masaa ya mwaka 8,760 unapata wastani wa kama megawati 680. Theluthi moja! Hii sio kasoro ya ujenzi, mabwawa mengi makubwa yako hivo, unaweka mashine nyingi ili jioni watu wote wakiwasha uweze kupandisha haraka na usiku wa manane ushushe utunze maji. Lakini mtu anayetoa 1,900 kwenye 4,000 anafananisha nguvu ya juu kabisa ya mtambo na umeme ambao kweli unaweza kutoka siku baada ya siku, na hivyo ni vitu viwili.

Kuna jingine ambalo linanitisha zaidi ya hilo. Kidatu, Mtera, Kihansi na Nyerere zote ziko kwenye bonde moja la Rufiji. Ruaha Mkuu unatoka huku kwenye milima ya Mbeya na Njombe, unakusanyika Usangu, unapita ardhi oevu ya Ihefu, Mtera, Kidatu, alafu unaenda kuingia Rufiji juu ya bwawa jipya. Kihansi inashuka kutoka safu za Iringa kwenda Kilombero, na Kilombero ndo mwenye mchango mkubwa kuliko mito yote kwenye Rufiji, zaidi ya nusu ya maji yake. Jumlisha vituo vyote vinne, unapata megawati 2,579, karibu theluthi mbili ya uwezo wa nchi nzima unakunywa kutoka bonde moja. Mvua ikikosekana Nyanda za Juu Kusini msimu mmoja, sawa, bwawa jipya lina uwezo wa kushika maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, litavumilia. Ikikosekana misimu miwili mfululizo ndo utajua tofauti ya megawati za karatasi na megawati za kweli. Na hapa niseme kitu kwa niaba ya wakulima wa Mbarali ambao kila mgao ukija wao ndo wanaonyooshewa kidole, kwamba skimu zao za mpunga zinakausha mto. Ni kweli tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na matumizi ya maji kule juu yana mchango, hilo halina ubishi. Ila kumbebesha mkulima wa Usangu mzigo wa umeme wa taifa zima wakati sehemu kubwa ya maji ya Rufiji inatoka Kilombero sio haki na sio sayansi.

Ukishaona hayo, habari ya Ethiopia inabadilika sura. Hoja dhaifu kuliko zote kwenye huu mjadala ni ile ya kwamba nchi yenye ziada ikinunua umeme nje ni aibu, kwamba hakuna mwenye akili anayenunua kitu alichonacho ndani. Jamani, sisi wa huku ndo tungepaswa kuwa wa kwanza kuikataa hoja hiyo. Rukwa imekuwa ikitumia umeme wa Zambia kwa miaka na miaka, umeme unaowaka Sumbawanga ulikuwa unavuka mpaka kuja, na Kagera imekuwa ikinunua Uganda, Namanga wananunua Kenya. Hakuna aliyeandamana. Kwanini? Kwasababu kila mtu aliona wazi Sumbawanga iko mbali na gridi na Zambia iko jirani. Mahindi ni hivohivo, kuna misimu ghala za Rukwa na Ruvuma zinajaa mpaka yanaoza wakati mtu wa mbali kama Longido anaweza kuona unafuu kununua ya upande wa pili wa mpaka, na hakuna anayesema Tanzania haina mahindi, wote tunajua shida ni barabara na nauli. Umeme nao una nauli, inaitwa upotevu. Ukitoka bwawani unaenda Chalinze kilomita kama 160 kwa msongo wa kilovolti 400 (msongo ni ile nguvu inayosukuma umeme, ukiwa mkubwa upotevu unapungua), baada ya hapo kuelekea Tanga, Moshi na Arusha unaingia kwenye laini za zamani za msongo mdogo zaidi, mwendo mrefu, na kila kilomita inakula kidogo. Kwa upande mwingine ile laini ya kilovolti 400 kutoka Singida kwenda Isinya nchini Kenya iliwashwa mwishoni mwa 2024, ina uwezo wa kupitisha mpaka megawati 2,000, na Ethiopia tayari imeunganishwa na Kenya. Kiufundi ni njia iliyopo, na inapitisha umeme pande zote mbili.

Lakini nisiwe kipofu upande wa pili. Wanaopinga kununua wana hoja moja nzito ambayo serikali haijaijibu vizuri, nayo ni ya bei. Ukisema tunapoteza bilioni 32 kwa mwaka ndo maana tununue, hiyo peke yake haitoshi kabisa. Umeme unaopotea njiani ni wa maji, ambao ukishajenga bwawa gharama ya kuzalisha yuniti moja zaidi ni ndogo sana, ila umeme wa kununua unaulipia kila yuniti, na kwa fedha za kigeni. Chukua mfano tu wa hesabu: megawati 100 zikinunuliwa mfululizo mwaka mzima ni yuniti milioni 876, weka bei ya kubuni ya shilingi 150 kwa yuniti unapata bilioni 131. Huwezi kutumia bilioni 131 kuokoa bilioni 32 alafu ukasema umefanya biashara. Ila kuna kitu katikati hapo ambacho pande zote mbili zinakiruka: yuniti unayonunua kaskazini inakufanya usifungulie maji bwawani, na maji yaliyobaki bwawani ni umeme uliotunzwa, unaweza kuutumia kiangazi au kuuza kwingine kwa bei nzuri. Kwahiyo kununua kunalipa kama yale maji yaliyobaki yana kazi bora ya kufanya. Kama hayana, yani bwawa limejaa mpaka linafunguliwa milango kama ilivyokuwa masika ya 2024, basi kununua ni hasara tupu. Jibu linabadilika kwa msimu, na mkataba mzuri ungeruhusu kupunguza na kuongeza kulingana na maji. Mkataba wa kulazimika kulipia utumie usitumie ndo ungekuwa kosa, na makosa ya aina hiyo tunayajua, tulishayalipia sana kwenye mitambo ya kukodi.

Sasa nije nyumbani, maana huku ndo utaona vizuri kwamba megawati sio tatizo. Nenda Ubaruku, wilayani Mbarali, msimu wa mavuno, kuanzia Mei, ukae kwenye mashine ya kukoboa mpunga saa kumi na mbili jioni. Kuna jamaa mmoja mwenye mashine pale ana kabati la swichi lenye kile kimshale cha kuonyesha volti, na mchana kinasimama karibu na 400 inapotakiwa. Giza likianza kuingia, watu wanawasha taa, tivii na pasi, mshale unaanza kushuka taratibu, 370, 350, ukifika 320 mota inabadilisha sauti, inanguruma badala ya kuzunguka na inanuka vanishi ya moto. Anakimbia kuzima. Asipowahi, mota inaungua na fundi anaisuka upya kwa laki kadhaa. Magunia yamepangwa mpaka mlangoni, yameandikwa majina ya wenyewe kwa chaki, wenyewe wamekaa juu yake wanasubiri, na pembeni kuna injini ya dizeli ya zamani anayoiwasha akizidiwa, na siku hiyo bei ya kukoboa inapanda. Umeme haujakatika hapo, taa zinawaka, na wakati huohuo bwawani kuna mashine zimesimama kwa kukosa mteja. Kilichotokea ni kwamba waya mwembamba na mrefu, na transfoma iliyowekwa enzi za taa na redio, vinabebeshwa mashine za viwanda. Mwambie yule jamaa kwamba nchi ina megawati 4,000, atakuuliza zinapitia wapi.

Na hilo swali ndo lenyewe. Mbeya mpaka leo inategemea laini ya kilovolti 220 kutoka Mufindi iliyojengwa miaka ya 1980. Kupitia hiyo laini ndo inaishi Mbeya jiji, kiwanda cha saruji Songwe, viwanda vya chai Rungwe, migodi ya dhahabu Chunya, Kyela, Vwawa, kote huko kwa laini ndogo zinazotawanyika kutoka jijini. Ikipata hitilafu kwenye nguzo moja huko porini, nusu ya ukanda unazima, na huwezi kuwasha kwa njia nyingine kwasababu njia nyingine haipo. Mwaka 2024 gridi ilipoanguka nchi nzima, zaidi ya mara moja, watu walidhani bwawa limeshindwa, lakini gridi inaanguka kwasababu ya udhaifu wa mfumo kuhimili mshtuko, mtambo mmoja au laini moja ikitoka ghafla na hakuna njia za kutosha za kugawa ule mzigo basi vingine vinafuatana. Ukizidisha mitambo bila kuzidisha njia unaweza hata kuongeza hatari hiyo.

Ndo maana nasema mradi muhimu kuliko yote kwa mtu wa huku ni ule wa TAZA, yani Tanzania-Zambia, wa kuunganisha gridi yetu na ya Zambia, laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Mbeya, Tunduma mpaka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600, yenye vituo Tagamenda pale Iringa, Kisada kule Mufindi, Iganjo hapa Mbeya, Nkangamo karibu na Tunduma na Malangali kule Sumbawanga. Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2018, Wafaransa na Umoja wa Ulaya nao wamechangia. 2018! Wakati huo bwawa lilikuwa ndo linasainiwa mkataba, na bwawa limekwisha laini bado inajengwa. Hapo utaona vipaumbele vya nchi vilivyokaa, bwawa lilipewa trilioni 6.5 na msukumo wa kisiasa usiku na mchana, nguzo za umeme hazina wa kuzipigia picha. Na faida yake sio ndogo: kwa mzigo uleule na waya uleule, ukitoka kilovolti 220 ukaenda 400 upotevu unashuka mpaka chini ya theluthi moja ya ule wa mwanzo, hiyo ni fizikia ya kawaida. Mbeya itapata njia ya pili, na Rukwa itaingia kwenye gridi ya taifa. Tuliona Songea ilivyobadilika baada ya laini ya Makambako kufika 2018, mji ulikuwa unaishi kwa majenereta ya dizeli na ratiba, ukaacha.

Kuna wanaoipinga TAZA kwa hoja ya uzalendo, kwamba kwanini tujenge laini ya kumuuzia Mzambia wakati kuna kitongoji Ileje hakina nguzo. Inagusa moyo hiyo hoja, lakini haiendi mbali. Nguzo zinazompelekea Mzambia ndo zilezile zinazopita Mafinga, Mbeya na Tunduma, bila mteja mkubwa mwishoni hakuna benki ambayo ingetoa fedha za kujenga msongo wa kilovolti 400 kwa ajili ya Mbeya na Sumbawanga peke yake. Na angalia kilichowapata Zambia 2024, ukame ulilikausha bwawa lao kubwa la Kariba mpaka uzalishaji ukashuka vibaya, wakakaa bila umeme zaidi ya masaa 17 kwa siku, migodi ya shaba ikanunua umeme popote ilipoupata kwa bei yoyote. Mwaka uleule sisi tunazima vituo vitano kwa kukosa pa kuupeleka. Umeme mwingi na mteja mwenye njaa wamekaa jirani, katikati kuna kilomita mia sita za laini ambayo haijaisha. Hiyo hasara hakuna anayeihesabu, wote tunahesabu bilioni 32 za kaskazini. Ukiunganisha vyote, Ethiopia na Kenya juu, Zambia na kusini mwa Afrika chini, Tanzania inakaa katikati ya masoko mawili ambayo mvua zao hazifuatani. Unanunua kaskazini Rufiji ikipungua, unauza kusini Kariba ikipungua. Kwa nchi ambayo theluthi mbili ya mitambo yake inategemea bonde moja hii ni bima, na ni bima ya bei nafuu kuliko kujenga mtambo mwingine wa dharura.

Kuhusu mbele, kwenye matumizi, sidhani kama ziada itakaa muda mrefu. Mwaka 2015 matumizi ya juu ya nchi yalikuwa kama megawati elfu moja, miaka kumi baadae yamekaribia mara mbili. Reli ya SGR inakula umeme tangu 2024. REA, wakala wa nishati vijijini, imeshafika vijiji vyote 12,318 vya Bara na sasa inahangaika na vitongoji zaidi ya elfu 64, na kila nyumba inayoingizwa kwa shilingi 27,000 leo inawasha balbu mbili, miaka mitano ijayo ina friji. Parachichi za Rungwe na Njombe zinataka vyumba vya baridi, mbao za Mafinga zinataka mashine za kukaushia. Ila kubwa kuliko yote ni jiko. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034, na sasa hivi kaya nyingi sana bado ni kuni na mkaa. Nyingi zitaenda gesi, sawa. Lakini kaya milioni moja tu zikiwasha jiko la umeme la wati 1,000 saa moja jioni kwa pamoja ni megawati 1,000, nusu ya matumizi ya juu ya nchi nzima, na zinaingia wakati uleule ambao ule mshale wa Ubaruku unashuka. Mitambo ya bwawa itaweza kuwahi, imejengwa kwa kazi hiyo. Transfoma ya mtaa haitaweza.

Kwenye uzalishaji wa baadae huku kwetu kuna vitu vingi vinavyozungumzwa tangu tuko wadogo. Ruhudji megawati 358 na Rumakali 222 kule Njombe, makaa ya Mchuchuma na Kiwira, na jotoardhi ya Ngozi kule Rungwe, yani umeme wa joto la chini ya ardhi. Mi ningeambiwa nichague kimoja ningechagua Ngozi bila kusita, hata kama lengo lake ni megawati 70 tu na Rumakali ni mara tatu yake. Ruhudji ni tawi la Kilombero, ukijenga pale umeongeza yai kwenye kapu lilelile la Rufiji, ingawa Rumakali inamwaga upande wa Ziwa Nyasa na hiyo ni nafuu. Jotoardhi haijali mvua wala usiku, inatoa muda wote, na ingezalishiwa hapahapa Rungwe karibu kabisa na mji unaotumia, bila kusubiri laini kutoka Mufindi. Kenya wanapata karibu nusu ya umeme wao huko na ndo maana ukame hauwatikisi kama zamani. Kampuni ya serikali ya jotoardhi ilianzishwa 2013, na kwa miaka yote hiyo Ngozi haijatoa hata yuniti moja kwenye gridi, kwasababu uchimbaji wa visima ni ghali na unaweza kuchimba ukakosa, na wakati wote kulikuwa na mradi mwingine mkubwa unaokula bajeti. Bwawa sasa limekwisha. Kisingizio hicho hakipo tena.

Kwahiyo wabunge wetu wakisimama kwenye bajeti ya nishati wasiulize tena megawati ngapi, hilo swali limeshajibiwa na halijamsaidia mtu wa Ubaruku. Waulize Iganjo inawashwa mwezi gani, waulize wilaya ya Mbarali, Chunya na Kyela zinapata lini vituo vyao vya kupoza umeme badala ya kuning'inia kwenye laini ndefu za kutoka mjini, waulize ni transfoma ngapi zilizozidiwa zimebadilishwa kwenye vijiji vilivyounganishwa miaka kumi iliyopita. Na hela zitoke wapi? Hapa nakubali ni pagumu, kwasababu yuniti ya shilingi 100 kwa mteja mdogo na kuunganishwa kwa 27,000 kijijini ni bei za huruma, nazitetea, ila hazijengi kituo cha kupoza umeme, na shirika la umeme, TANESCO, likiachiwa kuziba hilo pengo peke yake litakata kwenye matengenezo ya laini za mbali kwanza, na laini za mbali ni zetu. Mauzo ya Zambia ndo chanzo pekee ninachokiona ambacho hakimkandamizi mlaji wa ndani, sharti sehemu ya mapato hayo ifungwe kisheria kwa ajili ya usambazaji. Na mkataba wenyewe wa kuuza uwe na kipengele cha ukame kinachosema wazi nani anapunguziwa kwanza maji yakishuka, mgodi wa shaba au mikoa yetu, na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, iuweke hadharani kabla laini haijawashwa, kwasababu ukishasainiwa Lusaka watakuwa na haki ya kisheria ya kudai umeme wao na sisi huku hatutakuwa na karatasi yoyote ya kushika.